Aina Tatu za Hewala

Msimamizi wangu, Daktari Mghoi, alichora mishale ubaoni:
mtoaji, ujumbe, mpokeaji.
Mshale wa kurudi akauchora kwa nukta,
chaki ilikuwa imemwishia.
Nikaunakili vivyo hivyo, na nukta zake,
nikaubeba hadi Shimanzi, ghala la chai,
kinasa sauti mfukoni, fomu za ridhaa kwapani,
na mada ya maneno kumi na manne
ambayo mamangu, akiulizwa na jirani, husema tu:
"Yuwasomea vile watu wasemezanavyo kazini."
Jirani hucheka. "Na hilo nalo lasomewa?"

Lasomewa. Muhula wa tatu huu, karo nusu.

Vumbi la chai halina adabu,
huingia kopeni, daftarini, kwenye vitufe vya kinasa,
hata kikohozi changu usiku, Tudor, kina rangi yake.
Juu, nyuma ya kioo, meneja Msellem na kiyoyozi.
Chini magunia, mizani, na Bi Umazi wa Mtongwe
aliyepima chai za watu miaka ishirini na miwili
na mimi, siku ya kwanza, akanipima kwa jicho moja.

Waraka ulibandikwa Alhamisi kando ya saa ya ukutani:
zamu ya saa moja sasa itaanza saa kumi na moja alfajiri.
Nilihesabu. Watu thelathini na wanane walisimama pale
na sikuona aliyesoma maneno.
Walisoma sahihi.
"Wino wa buluu," alinong'ona Karisa wa foklifti,
"huu hakuuandika yeye. Yeye ni mweusi siku zote."
Kitabu changu cha nadharia, kurasa mia nne,
hakina sura ya wino.

Mkutanoni meneja akauliza, "Tumeelewana?"
Wakajibu wote, "Hewala."
Nikaandika: makubaliano, asilimia mia.

Jumatatu, saa kumi na moja, ghalani tulikuwa
mlinzi, paka, na mimi.
Saa moja kamili wakaja wote, wameoga, wakiulizana hali.

"Wewe mwanafunzi wa nini?" Bi Umazi akanimiminia kahawa
(ghala la chai, hakuna anywaye chai).
"Hukusikia? Hewala fupi ni ndiyo.
Hewala ya kuinamisha macho ni nimekusikia, basi.
Na heeewala, ile ya kuvutwa kama uzi wa gunia,
hiyo, mwanangu, mlango ushafungwa,
ila hatukuubamiza."

Usiku kucha nikazirudia zile sauti,
nikapima irabu kwa sekunde, kama apimavyo yeye kilo.
Zote ndefu.
Hata ya Karisa, ambaye maneno mengine humkwama.

Kisha nikaitwa juu.
Kiti cha kuzunguka. Baridi. Meneja, kwa upole:
"Binti, sauti unazo wewe. Nataka kujua nani aliwaanza.
Barua ya kukuruhusu humu niliitia sahihi mimi."
Kwa wino mweusi; nilikumbuka.
Fomu nilikuwa nazo kwapani, thelathini na nane,
nyingine za kidole gumba,
na chai imekaukia katika mistari ya kidole cha Bi Umazi.
Nikatazama chini kupitia kioo:
midomo ilicheza, watu walicheka, mtu alimpungia mtu mkono,
na huku juu hakukufika hata mkwaruzo.
Hapo nikamwonea huruma, kidogo.

"Uniletee kesho," akasema.
"Heeewala, bosi."
Akatabasamu, akaandika kitu katika shajara yake.

Sura ya nne ingali wazi.
Nimemwandikia Daktari Mghoi kwamba ghala lile silitaji jina,
kwamba sauti nimezifuta, nimebaki na urefu wa irabu tu,
na kwamba naomba mwezi mmoja zaidi.
Amenijibu leo asubuhi, neno moja, kwa maandishi:
Hewala.
Nimelitazama tangu asubuhi. Sijui ni ipi.